Sabufa kwa stereo ya nyumbani: mwongozo wa mnunuzi na mfanyabiashara wa Gisenyi

Gisenyi, mji mkuu wa wilaya ya Rubavu, ni mji wa muziki na pia ni mji wa mpaka. Ng'ambo ya Petite Barrière ni Goma, na rumba inayopigwa upande mmoja husikika upande wa pili. Si ajabu basi kwamba sabufa ni miongoni mwa bidhaa za umeme zinazoulizwa sana madukani, na ni miongoni mwa zile zinazorudishwa sana. Mteja hununua boksi kubwa lenye taa za rangi, akifika nyumbani anasikia mngurumo usio na muziki ndani yake, na kesho yake yuko mlangoni kwa muuzaji.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua sabufa kwa ajili ya stereo ya nyumbani, na mambo ambayo mwagizaji na msafirishaji wanapaswa kuyajua kabla ya kuweka mtaji wao.

Sabufa ni nini hasa

Katika maduka mengi ya Afrika Mashariki neno sabufa lina maana mbili, na mkanganyiko huanzia hapo.

Maana ya kwanza ni seti nzima: boksi moja kubwa lenye kikuza sauti ndani, pamoja na spika ndogo mbili au tatu. Seti ya spika ndogo mbili huandikwa 2.1, ya tatu huandikwa 3.1. Nyingi zina redio ya FM, sehemu ya kuchomeka flashi na Bluetooth. Mteja wa seti hii hahitaji kitu kingine chochote.

Maana ya pili ni sabufa halisi: spika moja inayotoa sauti nzito tu, inayoongezwa kwenye stereo ambayo tayari ina kikuza sauti na spika zake mbili. Sabufa hiyo ikiwa na kikuza sauti chake ndani huitwa ya umeme. Isipokuwa nacho huitwa tupu, na lazima inunuliwe pamoja na kikuza sauti cha kuiendesha.

Muuzaji amuulize mteja swali moja kabla ya kutaja bei: nyumbani kuna stereo tayari, au hakuna kitu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua rafu ya kumwonyesha. Kwenye ankara zinazotoka kwa wauzaji wanaotumia Kifaransa, sabufa halisi huandikwa "caisson de basses".

Sauti nzito inaanzia wapi

Sikio la binadamu husikia sauti kuanzia takribani hezi 20 hadi hezi 20,000. Kazi ya sabufa ni sehemu ya chini kabisa, kwa kawaida kuanzia hezi 20 au 30 hadi hezi 80 au 120.

Gitaa la besi la nyuzi nne, ambalo ndilo uti wa mgongo wa rumba, hushuka hadi hezi 41. Besi la nyuzi tano hushuka hadi hezi 31. Kwa hiyo mtu anayesikiliza rumba, injili au muziki wa dansi hahitaji sabufa inayofika hezi 20. Ikifika hezi 40 kwa nguvu na bila kukwaruza, gitaa lote la nyuzi nne litasikika. Kushuka chini ya hapo ni kwa ajili ya filamu, vinanda vya kielektroniki na baadhi ya muziki wa klabu.

Jambo hili lina maana kubwa kibiashara, kwa sababu kila hatua ya kushuka ni ghali. Ili kutoa sauti ya hezi 30 kwa ukubwa ule ule wa hezi 60, koni ya spika lazima isogee umbali mara nne zaidi. Hapo ndipo koni nyepesi huchanika na koili huungua.

Wati za kwenye boksi

Hakuna sehemu inayowapotosha wanunuzi kuliko namba ya wati. Boksi linaweza kuandikwa wati 10,000 kwa herufi kubwa, na chini yake herufi ndogo P.M.P.O. Herufi hizo zinaashiria kilele cha nguvu ambacho kifaa kinadaiwa kufikia kwa nukta ndogo sana ya muda. Hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote katika kuihesabu, kwa hiyo namba hiyo haiwezi kulinganisha sabufa mbili.

Namba ya kutazama ni ile inayofuatwa na herufi RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo. Ikiwa haipo, kuna njia nyingine rahisi: geuza sabufa, soma kibandiko cha nyuma penye waya wa umeme. Kama kimeandikwa 220-240V, 50Hz, 60W, kifaa hicho kinakula wati 60 kutoka ukutani. Hakiwezi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko inayoingia, na sehemu yake hupotea kama joto. Seti yenye wati 10,000 usoni na wati 60 mgongoni ni seti ya chini ya wati 60.

Mnunuzi ajue pia kwamba kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Kutoka wati 50 hadi wati 100 ni ongezeko la desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida kidogo. Ili sauti ionekane kuwa kubwa mara mbili, inahitajika nguvu ya takribani mara kumi. Kwa sebule ya kawaida, sabufa ya wati 50 hadi 100 RMS iliyotengenezwa vizuri inatosha.

Ukubwa wa koni na aina ya boksi

Koni hupimwa kwa inchi. Inayofaa nyumba nyingi ni ya inchi 8 au 10. Ya inchi 12 ina eneo la zaidi ya mara mbili ya ile ya inchi 8, husukuma hewa nyingi zaidi, lakini inahitaji boksi kubwa na kikuza sauti chenye nguvu. Koni ya inchi 12 iliyofungwa kwenye boksi dogo hutoa mlio mmoja tu, haijalishi wimbo gani unapigwa.

Boksi lenyewe ni la aina mbili:

- Lililofungwa kabisa. Besi yake hukatika haraka na kueleweka, hata kama haishuki chini sana. Linafaa kwa msikilizaji anayetaka kusikia vidole vya mpiga besi.
- Lenye tundu au bomba. Hutoa sauti kubwa zaidi kwa wati zile zile, lakini chini ya kiwango lililotengenezewa koni hupoteza udhibiti. Tundu likiwa dogo mno, hewa hupuliza na kusikika kama upepo wa mlangoni.

Ubao ni muhimu kuliko rangi. Gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole. Likilia kama ngoma, ubao ni mwembamba, nalo litaimba pamoja na muziki. Likitoa mlio mfupi na mkavu, ubao ni mnene. Uzito nao ni ushahidi: sumaku nzito, transfoma na ubao mnene havifichiki. Sabufa mbili zenye ukubwa mmoja, moja kilo 5 na nyingine kilo 10, si bidhaa moja.

Kuunganisha na stereo iliyopo

Mwenye stereo ya zamani, awe ameinunua Kigali au imetoka Ulaya kama kifaa kilichotumika, mara nyingi hugundua kwamba haina tundu la kutolea sauti ya sabufa. Huyu atafute sabufa ya umeme yenye sehemu ya kuingiza waya wa spika wenyewe. Waya hutoka kwenye kikuza sauti cha stereo hadi kwenye sabufa, na spika mbili za awali hubaki mahali pake. Bila sehemu hiyo, sabufa nzuri itakuwa meza ya kuwekea maua.

Vitufe vitatu vya kuangalia nyuma ya sabufa halisi ni hivi:

Kiwango cha kukata masafa. Huiambia sabufa iishie wapi. Spika kubwa za sakafuni huachiwa kazi kuanzia hezi 50 au 60, spika ndogo za rafu kuanzia hezi 80 hadi 100. Kikiwekwa juu mno, sauti za wanaume huanza kutokea kwenye sabufa, jambo ambalo ni kosa.

Ukubwa wa sauti. Huwekwa mwisho, baada ya kupiga wimbo unaojulikana. Sabufa iliyopangwa vizuri haijitangazi. Ukiizima ndipo unagundua kuwa ilikuwa ikifanya kazi.

Swichi ya 0 na 180. Hubadili mwelekeo wa koni ili isivutane na spika nyingine. Jaribu pande zote mbili, acha ile inayoleta besi nyingi zaidi pale unapokaa.

Umeme na plagi

Rwanda hutumia umeme wa volti 230, hezi 50. Kifaa kilichotoka Marekani kwa matumizi ya huko kinataka volti 120, na kikichomekwa Gisenyi bila transfoma kitaungua papo hapo. Vingine vina swichi ya kuchagua volti nyuma; ihakikiwe kabla ya kuwasha, si baada ya moshi.

Plagi nazo hutofautiana. Mzigo uliotengenezwa kwa soko la Kenya au Uganda huja na pini tatu bapa, wakati Rwanda na Kongo soketi zilizozoeleka ni za pini mbili za mviringo. Adapta za bei ya chini hulegea na kupata moto. Mwagizaji anayeagiza kwa wingi aandike aina ya plagi kwenye oda yake; ni jambo dogo kiwandani, na ni kero kubwa likiachwa kwa mteja.

Umeme ukipanda na kushuka, kinachokufa kwanza ni kikuza sauti. Stebilaiza inayolingana na wati za kibandiko cha nyuma ni kinga ya bei nafuu. Kwa mteja wa kijijini anayetumia sola, auziwe seti yenye tundu la volti 12 au inveta inayostahimili wati husika, na aambiwe wazi kwamba besi hula betri kuliko redio.

Kujaribu dukani

Sokoni kelele ni nyingi, na kila sabufa huonekana nzuri ikifunguliwa hadi mwisho. Jaribio la kweli hufanyika kwa sauti ya chini na ya kati. Mnunuzi aje na nyimbo zake mwenyewe kwenye flashi au simu, na afuate hatua hizi:

1. Washa bila muziki, weka sikio karibu. Mvumo kidogo unavumilika. Mvumo unaosikika hatua mbili mbali ni kasoro.
2. Piga wimbo wenye gitaa la besi linalotembea. Kila nota isikike tofauti. Zikifanana zote, boksi ndilo linaloimba.
3. Ongeza sauti hadi theluthi mbili kwa dakika kumi. Gusa nyuma: joto ni kawaida, harufu ya kuungua si kawaida.
4. Zima umeme, sukuma koni taratibu kwa vidole pande zote mbili. Ikikwaruza, koili imepinda au imeungua.
5. Jaribu redio, flashi, Bluetooth na rimoti, kimoja kimoja.

Kwa kifaa kilichotumika, angalia ukingo laini unaozunguka koni. Ule wa sponji huoza kwa miaka hata kama kifaa hakikupigwa. Ule wa mpira hudumu. Fundi anaweza kubadili ukingo, lakini gharama hiyo iondolewe kwenye bei.

Ushuru na karatasi

Kwa mwagizaji, faida ya sabufa huamuliwa forodhani kabla ya dukani.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na kuanza kutumia umoja wa forodha mwaka 2009. Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya hutozwa kwa viwango vya pamoja vya asilimia 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35. Spika na vikuza sauti vipo kwenye kichwa 8518 cha orodha ya ushuru: 8518.21 ni spika moja ndani ya boksi, 8518.22 ni spika kadhaa ndani ya boksi moja. Seti yenye redio inaweza kuonekana na maofisa kuwa ni kipokezi cha redio na kupelekwa kichwa 8527. Wakala wa forodha aulizwe mapema, na kwa mzigo mkubwa ni vema kuomba Mamlaka ya Mapato ya Rwanda itoe uamuzi wa maandishi kabla ya kupakia.

Hesabu hufanywa juu ya thamani ya bidhaa pamoja na nauli na bima. Kwa mfano, mzigo wa thamani ya dola 100 ukitozwa ushuru wa asilimia 25 unakuwa dola 125. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 huhesabiwa juu ya hiyo 125, yaani dola 22.50. Jumla ni dola 147.50 kabla ya tozo ndogo na gharama za wakala. Anayepanga bei kwa kujumlisha tu 25 na 18 huanza na hasara.

Kosa la pili linahusu hati ya asili iliyorahisishwa, ile inayowasaidia wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Hati hiyo ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sabufa iliyotengenezwa China haiwi ya Uganda kwa sababu imenunuliwa Kampala. Vivyo hivyo, kujiunga kwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 hakukuifanya bidhaa ya kigeni ivuke bila ushuru.

Mzigo wa transiti unaoelekea Kongo haulipiwi kodi za Rwanda, lakini upo chini ya dhamana hadi uvuke. Kuushushia Gisenyi na kuuuza ni magendo, na dereva hushikwa pamoja na mwenye mali. Anayenunua dukani Gisenyi ili auze ng'ambo achukue risiti ya mashine ya EBM. Bila hiyo, sabufa tano kwenye mkokoteni hazina maelezo.

Tangu Januari 2025, Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, taratibu na tozo za upande wa pili zisichukuliwe kuwa zile za zamani. Mfanyabiashara aulize siku ile ile anayotaka kuvusha, na asikabidhi mzigo wote kwa safari moja.

Kusafirisha

Sabufa ni bidhaa inayokula nafasi kuliko uzito. Boksi la sentimita 40 kwa 40 kwa 45 lina mita za ujazo 0.072. Kontena la futi 20 likipakiwa mita za ujazo 28 hubeba chini ya maboksi 400 ya namna hiyo. Nauli kwa kila boksi, iwe kupitia Mombasa na Gatuna au Dar es Salaam na Rusumo, ndiyo inayofanya sabufa hafifu isiwe na faida: hulipiwa nafasi ile ile na sabufa bora.

Kutoka Kigali hadi Gisenyi kupitia Musanze barabara ni ya lami, lakini ni ya kona na milima. Maboksi yasimame kama mshale unavyoonyesha, mazito chini, yasizidi idadi iliyoandikwa kwenye katoni. Sumaku nzito ikilala ubavu safari nzima inaweza kuvuta skrubu na kupasua ubao. Kati ya Machi na Mei, na kati ya Septemba na Desemba, mvua ni nyingi. Ubao wa unga wa mbao ukilowa huvimba na haurudi. Turubai peke yake halitoshi, maboksi yawekwe juu ya mbao, si juu ya sakafu ya lori.

Mpakani, mizigo mingi midogo husukumwa kwa baiskeli za matairi matatu, na upande wa Goma kwa chukudu. Chombo hicho cha mbao hakina springi. Sabufa iwekewe godoro au magunia chini, na waya wa umeme ufungwe ili usikatike.

Mahali pa kuiweka nyumbani

Malalamiko mengi kuhusu sabufa huwa ni malalamiko kuhusu chumba. Ikiwekwa kwenye kona, besi huongezeka. Ikiwa nyingi mno, isogezwe kidogo kidogo kutoka ukutani. Chumba cha mraba cha mita 4 kwa 4 huvimbisha sauti ya karibu hezi 43 kwa urefu na kwa upana, karibu kabisa na nota ya chini ya gitaa la besi. Nota hiyo itanguruma, nyingine zitapotea.

Dawa yake haina gharama. Weka sabufa juu ya kiti unachokalia, piga wimbo, kisha tembea ukiinama kando ya kuta. Pale besi inaposikika sawasawa, hapo ndipo mahali pa sabufa. Mabati na dari nyepesi hutetemeka; kipande cha mpira chini ya miguu ya boksi husaidia, na kupunguza sauti husaidia zaidi. Besi hupenya ukuta wa jirani kuliko sauti yoyote, na nchini Rwanda polisi hushughulikia malalamiko ya kelele.

Kwa ufupi

- Jua kwanza kama unataka seti nzima au sabufa ya kuongeza kwenye stereo.
- Puuza P.M.P.O.; soma RMS au kibandiko cha nyuma.
- Inchi 8 au 10 hutosha sebule nyingi.
- Gonga boksi, pima uzito, sikiliza nota moja moja.
- Hakiki volti na plagi kabla ya kulipa.
- Hesabu ushuru juu ya nauli na bima, na kodi juu ya ushuru.
- Tunza risiti ya EBM hadi mzigo uvuke na uuzwe.